Pigo la Elfu Lilikuwa la Jumamosi

Ramona Yescas hakuwahi kushika gongo la besiboli isipokuwa alipoliokota chini na kumrudishia mwenyewe. Hata hivyo, katika mji wote wa Sauceda hakukuwa na mtu aliyeujua uwanja kama yeye. Alikuwa ameutunza kwa miaka kumi na tisa. Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Nicasio, aliyeanguka akafa akiwa ameshika reki, siku tatu kabla ya ufunguzi wa msimu. Klabu ilimwita mjane ofisini hata matanga hayajaisha, ikamwambia ashike nafasi kwa muda mpaka apatikane mwanamume. Mwanamume hakupatikana, au labda hakutafutwa, na kila mwaka barua ya Ramona iliandikwa vilevile: mtunza uwanja wa muda. Watoto waliozaliwa mwaka ule walishaota ndevu, yeye bado wa muda.

Jambo hilo lilimkera kila Januari barua ilipokuja, kisha akalisahau kwa sababu ya kazi. Kazi ilikuwa nyingi. Udongo wa jimbo la Sonora hauna huruma: jua likiwaka siku mbili unakuwa saruji, mvua ikinyesha saa moja unakuwa uji. Ramona alikuwa na trekta bovu, reki tatu, mpira wa maji wenye viraka, na turubai kubwa la kufunika udongo wa katikati mvua ikija, zito kiasi kwamba halivutiki bila watu wanane. Alikuwa na mdomo pia. Vijana wa timu walimwogopa kuliko kocha.

"Wewe, uliyetema mbegu za alizeti kwenye mstari wangu!" alikuwa akifoka kutoka upande wa pili wa uwanja. "Kwenu mnatema mate mezani?"

Kila asubuhi baada ya mchezo alipiga magoti mahali wanaposimama wapigaji na kuziba mashimo waliyochimba kwa viatu vyao. Kila mpigaji huchimba shimo lake kwa namna yake, wengine pana, wengine refu, na Ramona angeweza kukutajia mtu kwa kulitazama tu. Shimo aliloziba mara nyingi kuliko yote lilikuwa la Teyo Grijalva. Teyo alikuwa mashoto, akisimama upande wa pili wa wenzake, na mguu wake wa nyuma ulichimba kishimo kirefu chenye ncha. Miaka ya karibuni shimo hilo lilikuwa limehamia mbele kidogo, kwa kuwa goti la Teyo halikutaka tena kubeba uzito wote. Daktari alikuwa hajalijua hilo bado. Ramona alilijua kwa viganja vyake.

Teyo alikuwa na miaka arobaini na mitatu na misimu ishirini na miwili, yote katika timu moja, Wavunaji wa Sauceda. Ramona ndiye aliyemshika binti wa Teyo kwenye maji ya ubatizo, kwa hiyo waliitana comadre na compadre, na huo kwao ni undugu mzito kuliko wa damu, maana ndugu wa damu hukuwachagua. Mwaka huo Teyo alikuwa na mapigo mia tisa tisini na tisa. Si kila mpira unaogongwa huitwa pigo. Lazima uufikishe mahali ambapo hakuna wa kukutoa, ufike kituoni kwa jasho lako na si kwa uzembe wa mwenzako. Katika ligi ile ya mwisho wa juma, inayochezwa na wabeba majani ya ng'ombe, mafundi makanika na walimu, hakuna aliyewahi kufika elfu.

Alilipata la mia tisa tisini na tisa wiki ya kwanza ya Julai, kisha akanyamaza. Alikwenda kupiga mara kumi na saba, na mara zote kumi na saba akarudi kibandani na gongo lake bila chochote. Wazee waliokaa kivulini nyuma ya wavu waligawanyika kambi mbili.

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema mmoja.

"Maini hayakimbii mpaka kituo cha kwanza," akajibiwa. "Goti ndilo linalokimbia, na la yule limeshastaafu."

Hapo ndipo mwenyekiti wa klabu alipoingiza mkono. Huyo alikuwa Injinia Rodolfo Bracamonte, mwenye maghala ya ngano. Aliitwa Injinia ingawa hakuna aliyewahi kuona daraja wala choo alichokijenga. Aliamua kwamba pigo la elfu lingepigwa Jumapili ya mwisho wa Julai. Aliwaita watu wa televisheni kutoka Hermosillo, mji mkuu wa jimbo, na meya, bendi ya matarumbeta na kampuni ya bia. Akaagiza kikombe kirefu chenye maandishi, na tarehe ya Jumapili hiyo ikachongwa kabla mpira haujarushwa. Kisha akamwamuru kocha, Cuco Moroyoqui, asimchezeshe Teyo mpaka siku hiyo.

Ramona aliposikia, aliacha kula. Alikuwa jikoni kwake na tortila, ile chapati pana ya ngano, mkononi, akaiweka chini.

"Mpigaji asiyepiga anashika kutu," alimwambia dada yake. "Sasa wanamfunika kama keki ya harusi! Mtu anapiga pale Mungu anapomjalia, siyo pale meya anapopata nafasi."

Ligi ile ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua. Mchezo ukikatizwa na mvua kabla duru ya tano haijaisha, unahesabiwa kuwa haukuwahi kuwepo. Mabao yanafutwa, mapigo yanafutwa, hata vumbi ulilokula halihesabiwi. Kwa hiyo timu ya nyumbani ikiwa inashindwa na wingu likitokea mlimani, watunza uwanja huzeeka ghafla. Hulivuta turubai hatua moja moja, wakisimama kurekebisha kofia na kufunga kamba za viatu, mpaka uwanja ugeuke bwawa na mwamuzi akate tamaa. Watu waliuita mwendo wa bibi harusi. Miji yote ilifanya hivyo, na mgeni aliyefanyiwa leo alijua kwamba zamu yake inakuja.

Ramona naye aliwahi kuutembea mwendo huo. Miaka sita nyuma, Wavunaji walikuwa wamelala tisa kwa bila, na yeye akaliburuta turubai kama anayesindikizwa kanisani huku uwanja mzima ukicheka na kumpigia vigelegele. Jioni Teyo alimjia akitabasamu. "Comadre, leo umenilia mapigo mawili." Wote wawili wakacheka. Lakini hesabu ilipoanza kukaribia elfu, Ramona aliacha kucheka. Kama si miguu yake siku ile, compadre wake angekuwa ameshafika na kupita. Alimweleza padri peke yake, na padri, ambaye naye alikuwa Mvunaji wa kufa na kupona, akasema kwamba ile ilikuwa dhambi ndogo kwa kuwa walikuwa wanashindwa.

Basi ikafika Jumamosi, siku moja kabla ya siku ya Injinia. Wageni walikuwa Wachimbaji wa Mesa Prieta. Mchezo ulianza saa kumi alasiri, joto la kukaanga yai juu ya bati, na waliokuja walikuwa kama mia mbili hivi. Hao walikuwa watu wa Jumamosi. Hawaji kwa ajili ya bendi. Wanaleta mito yao ya kukalia na nyama kavu iliyosokotwa ndani ya tortila, wanagombana na mwamuzi kwa jina lake la utotoni, na mvua ya mawe haiwaondoi. Walikuwa wameyaona mapigo ya Teyo mengi kuliko mama yake mzazi.

Katika duru ya pili mchezaji wa kituo cha kwanza alikanyaga vibaya, akatolewa akichechemea. Cuco aligeuka kutazama benchi. Kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu. Wengine walikuwa na homa, harusi, au zamu mgodini.

"Injinia kakataza," Teyo alisema kabla hajaulizwa.

"Injinia atacheza kituo cha kwanza?" Cuco alijibu. "Vaa glavu, mzee."

Na katika duru ya tatu, Wavunaji wakiwa nyuma mawili kwa moja na wenzao wawili wakiwa vituoni, Teyo alisimama upande wake, akachimba shimo lake lenye ncha, akaacha mpira wa kwanza upite. Wa pili aliugonga. Haukuwa mpira wa kupasua mawingu. Ulikuwa mpira wa chini, mkavu, uliopita kati ya walinzi wawili na kuviringika mpaka kwenye majani ya kulia. Wote wawili wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, mabao mawili, na Teyo, akiburuta goti lake, akafika kituo cha kwanza akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Matatu kwa mawili. Pigo la elfu.

Watu mia mbili walipiga kelele za watu elfu kumi. Mzee mmoja alirusha mto wake uwanjani, na Ramona, ambaye siku nyingine angemfuata kwa reki, alikuwa amesimama kando ya trekta analia bila kuficha. Alifuta uso kwa shati. Alipotazama juu, kwenye kibanda cha wakubwa, alimwona Injinia amekaa kama mtu aliyemwagiwa mchuzi.

Mvua ilikuja mwisho wa duru ya nne. Ilishuka kutoka mlimani kama zinavyoshuka mvua za Julai, bila kubisha hodi, matone makubwa yanayochimba udongo. Kwa kuwa Wavunaji walikuwa wanaongoza, zamu yao ya kupiga katika duru ya tano haikuhitajika; kilichobaki ni wageni kutolewa watu watatu tu ili mchezo uhesabiwe. Watu watatu! Ramona alikuwa ameshakimbilia turubai kabla mwamuzi hajainua mikono. Alishika pembe yake, akageuka kuwaita vibarua wa klabu, na akawaona wamesimama. Mbele yao alikuwa Injinia, chini ya mwavuli.

"Taratibu, Doña Moncha," Injinia alisema, akimwita Ramona kwa jina lake la mtaani. "Mwendo wa bibi harusi leo."

Ramona alidhani hakusikia vizuri. "Tunaongoza, Injinia."

"Naona ubao."

"Basi bibi harusi wa nini? Bibi harusi ni wa wanaoshindwa!"

"Mama, kesho nina kamera, nina meya, nina kikombe chenye tarehe. Unataka nimwambie meya kwamba alichojia kilipigwa jana mbele ya watu mia mbili wanaotafuna mbegu? Mchezo huu ukifa, Teyo anarudi mia tisa tisini na tisa, na kesho anapiga mbele ya jimbo zima. Kila mtu anafaidi."

"Asipopiga?"

"Atapiga."

"Mara kumi na saba hakupiga! Ulikuwa wapi, Injinia, kwenye maghala unahesabu panya?"

Injinia hakukasirika. Watu wa namna yake hawakasiriki wakiwa na mwavuli. Aliwatazama vibarua, na Tacho, mkubwa wao, akainama polepole kufunga kamba ya kiatu. Viatu vya Tacho havikuwa na kamba. Ramona alivuta pembe yake peke yake, turubai likasogea hatua mbili likakwama, naye akatukana tusi ambalo Nicasio hangelipenda.

Ndipo Teyo alipokuja. Alitoka kibandani na taulo kichwani, akamshika mkono.

"Comadre. Acha."

"Shika pembe ile!"

"Nimesema acha. Nenda polepole."

Ramona alimtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka Teyo kwenye ndevu zake zenye mvi. "Huo ni mdomo wako unaosema, au wa huyu mwenye mwavuli?"

"Ameniahidi nafasi. Kocha wa wapigaji, kuanzia mwakani. Lakini kesho iwe kesho, mbele ya kamera. Comadre, nina miaka arobaini na mitatu. Sijui kuchomelea, sijui kuendesha lori, goti hili halibebi majani tena. Nitakula nini?"

"Na kesho ukirudi mikono mitupu? Kesho anarusha yule kijana wao wa Mesa Prieta, mipira yake hata mimi siioni, nasikia tu. Leo umeshapiga, compadre! Nimekuona kwa macho haya!"

"Nitapiga tena. Na hata nisipopiga, pigo ni langu. Nikitaka lioshwe na mvua, liache lioshwe."

Hapo damu ilimpanda Ramona. Alifikiria miaka kumi na tisa ya kupiga magoti akiziba kishimo kile chenye ncha. Aliwafikiria wale mia mbili juu pale, waliokuwa wameshuhudia kitu walichokingoja miaka ishirini na miwili, na sasa watu wawili walikuwa wanakubaliana chini ya mwavuli kwamba hawakuona chochote.

"Pigo ni lako," alisema. "Uwanja ni wangu. Niondokee hapa."

Akageukia jukwaa. Sauti ya Ramona haikuhitaji kipaza sauti. "Nyie wa Jumamosi! Wanataka kuliosha pigo mliloliona! Mnakaa tu mnatafuna?"

Hawakukaa. Walishuka wakiruka uzio, wanaume kwa wanawake, wengine na zile tortila za nyama mdomoni, mmoja na mjukuu mgongoni. Mwalimu mstaafu wa hesabu alishika pembe moja na mama muuza tamale, maandazi ya mahindi, akashika nyingine. Kwa kuwa hakuna aliyejua kazi, turubai lilivutwa huku na huku, watu wawili wakaanguka, Ramona akiwafokea, "Upande wa upepo, wapumbavu wangu, upande wa upepo!" Kuufunika uwanja kulichukua dakika sita. Vibarua wangeufunika kwa tatu, kama wangetaka. Teyo alirudi kibandani na taulo lake, akakaa peke yake.

Mvua iliacha baada ya dakika arobaini. Walipoliondoa turubai, sehemu kubwa ilikuwa nzuri, lakini kuzunguka kituo cha pili, pale palipochelewa kufunikwa, kulikuwa na matope. Mwamuzi mkuu, mtu mkimya kutoka mji mwingine, aliukanyaga udongo na kiatu chake kikazama mpaka kamba.

"Kanuni inanipa saa moja tangu kusimama," alisema. "Zimebaki dakika ishirini, Doña. Pasipokauka, mchezo umekufa."

Ramona alikwenda stoo kuchukua mchanga mkavu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli jipya, linalong'aa. Alilitazama kufuli lile akacheka kwa hasira. Mtu anayenunua kufuli siku ya mvua hajawahi kutunza uwanja. Akarudi kwenye uzio.

"Nani ana gari lenye petroli?"

Wote walielewa. Ilikuwa njia ya zamani, ya wakati wa Nicasio, ambayo klabu ilikuwa imeikataza kwa sababu za bima. Wanaume walikwenda kunyonya petroli kwa mipira kutoka kwenye magari yao, wakitema na kulaani, wakarudi na ndoo na madumu ya maziwa. Ramona aliimwaga mwenyewe juu ya matope, taratibu, kama anayemwagilia mboga, akawarudisha watu nyuma, akawasha kiberiti. Moto ulisimama kimo cha mtu. Moshi mweusi ulikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wakubwa, na watu wa Jumamosi walishangilia jambo hilo karibu sawa na pigo lenyewe. Moto ulipolala, udongo ulikuwa unafuka mvuke na umepasuka juu. Ramona aliuchana kwa reki, nyusi zake zikiwa zimeungua. Mwamuzi alipokanyaga tena, kiatu hakikuzama. Akatazama saa.

"Chezeni," alisema.

Wageni walihitaji kutolewa watatu. Nyuma ya mlima wingu jingine lilikuwa linajikusanya. Wa kwanza alikata hewa kwa gongo mara tatu akatoka. Wa pili aliupandisha mpira juu kabisa, ukadakwa. Wa tatu aliugonga chini kuelekea kituo cha pili, juu ya udongo ulioungua, na mpira ukaruka sawasawa bila kuteleza. Mlinzi aliuokota akautupa kituo cha kwanza, kwa Teyo.

Ramona aliacha kupumua. Mtu yule angeweza kuuangusha. Angefanya hivyo, mwingine angekuja kupiga, na mwingine, mpaka wingu lifike, na nani angemlaumu mzee mwenye goti bovu? Mpira ulifika. Glavu ilifunguka ikafunga. Mkono wa Teyo uliijua kazi kuliko kichwa chake. Dakika kumi baadaye mvua ilishuka tena na kuumaliza mchezo, matatu kwa mawili, na mwandishi wa ligi akaandika kwa wino: Grijalva, pigo moja.

Jioni Injinia alimkuta Ramona akikunja turubai. Mwenyekiti alikuwa na masizi kwenye kola.

"Ile nafasi yako ya muda," alisema. "Imefika mwisho. Jumatatu ulete funguo."

"Na kesho?"

"Kesho utaandaa uwanja. Kuna kamera."

Mtu mwingine angeuacha uwanja ule na mashimo yake, na nani angemlaumu? Ramona aliamka saa kumi alfajiri akauandaa. Hakufanya kwa ajili ya Injinia. Uwanja haukuwa umemkosea.

Jumapili walijaa hadi juu ya paa la vyoo. Matarumbeta yalilia, meya alipunga mkono, bia ilimwagika. Teyo alikwenda kupiga mara nne. Mara tatu yule kijana wa Mesa Prieta alimpitishia mpira mbele ya kifua na Teyo akakata hewa. Mara ya nne aliugusa, ukaviringika mpaka miguuni mwa mrushaji, naye akatolewa hata kabla hajafika nusu ya njia. Wageni wa Jumapili walianza kuguna. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Ndiye huyu?"

Sherehe haikuahirishwa. Kwa nini iahirishwe, kikombe si kilishachongwa? Injinia alisimama katikati akasema kwamba wikendi hii ya kihistoria, "mbele ya macho yenu," mtoto wa Sauceda amefika elfu. Alisema "mbele ya macho yenu" mara tatu. Na sasa kwa kuwa kulikuwa na pigo halisi kwenye kitabu cha ligi, lililookolewa kwa mikono ya watu aliowaita watafuna mbegu, aliweza kumkabidhi Teyo kikombe bila aibu, na kumtangaza papo hapo kuwa kocha wa wapigaji. Fadhila ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke lake bila bendi.

Kisha akampa Teyo kipaza sauti.

Ramona alikuwa kwenye lango la pembeni na mpira wa maji mkononi. Watu wa Jumamosi, waliotawanyika katika umati, waligeuka kumtazama yeye, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mstaafu wa hesabu alimnyooshea kidole gumba. Ilikuwa wazi kwamba sasa litasemwa.

Teyo alimshukuru Mungu. Alimshukuru Injinia, mheshimiwa meya na kampuni ya bia. Aliwashukuru mashabiki "waliofika leo." Sauti yake ilikatika mara moja, watu wakadhani ni machozi ya furaha, wakapiga makofi. Alitazama upande wa lango, akafungua mdomo, akaufunga. Akarudisha kipaza sauti. Bendi ikaanza.

Ramona alifungua maji akaanza kumwagilia majani, ingawa hayakuhitaji maji.

Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya stoo, akichomoa funguo moja moja kutoka kwenye pete ya Nicasio, maana pete ilikuwa yake na funguo zilikuwa za klabu. Teyo alikuja akichechemea. Aliangalia nyuma kwanza, kushoto na kulia. Uwanja ulikuwa mtupu.

"Comadre," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kukushukuru. Kama si wewe ningebaki na mia tisa tisini na tisa mpaka kaburini. Jana umeniona mwenyewe. Sina pigo lingine mwilini."

"Nilikuona."

"Ni wewe uliyenifikisha. Wewe na wale watu. Nalijua hilo, na nitalijua mpaka nife."

Ramona alichomoa ufunguo wa mwisho akauweka juu ya ngazi pamoja na nyingine.

"Umesema vizuri sana, compadre. Kayaseme hayohayo kwenye kipaza sauti."

Teyo alitazama chini. "Kimesharudishwa Hermosillo."

"Najua," Ramona alisema, akaitia pete mfukoni. "Jana kilikuwa mkononi mwako."